Steshenari ya Mbuyuni inayouliza kwanza mtoto anasomaje

Nianze na bei, maana najua walimu wenzangu mtaruka mistari yote kuitafuta. Kopi ya A4 ni Sh 100. A3 ni Sh 400. Kuchapa ukurasa mmoja ni Sh 1,000 kama mwandiko wako unasomeka. Wangu hutozwa Sh 1,500 na tumeshalumbana sana juu ya hiyo mia tano. Laminesheni ya A4 Sh 1,500. Manila moja Sh 700. Hapo hakuna la kushangaza. Ukizunguka mjini Moshi utapata mahali pa kuokoa shilingi hamsini hapa na mia pale, na mimi niliifuata nafuu hiyo kwa miaka miwili.

Duka lenyewe liko jirani na soko la Mbuyuni, juu ya ngazi tatu ambazo nitazirudia baadaye kwa sababu zina kesi. Kibao kimepauka kwa jua hadi yamebaki maneno mawili, "picha pasipoti". Jina halisi sijawahi kulijua. Tunasema "kwa Mangi", kama tunavyosema kwa kila duka, ingawa mwenyewe si Mchaga hata kidogo. Ni Mpare wa Usangi, mtani wangu, na umangi ameukubali kwa kuwa kuukataa kunachosha. Anafanya kazi na binti wa kaka yake, ambaye ndiye anayechapa.

Mimi nafundisha darasa la tatu katika shule ya manispaa, Hisabati na Kiswahili. Watoto 84, madawati 27, chumba kimoja. Kwamba watoto hawafanani, hilo halihitaji semina. Ila wapo watano walionifanya niijue njia ya Mbuyuni hata gizani. Wa kwanza ni binti mwenye ualbino. Macho yake huchezacheza bila yeye kutaka, miwani humsaidia kidogo tu, na mwanga wa dirishani humuumiza. (Kuhusu ngozi sina wasiwasi sana: mama yake humpaka Kilisun, mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC, na kofia haimtoki kichwani. Macho ndiyo watu huyasahau.) Wa pili ni mvulana anayesikia kwa sikio la kulia tu, la kushoto lilitoka usaha miaka mingi hadi likachoka. Wa tatu ametoka familia ya Kimaasai, baba yake ni mlinzi mitaa ya Soweto, na Kiswahili amekianza akiwa na miaka sita. Wa nne herufi humtoroka: b na d kwake ni mtu yule yule aliyegeuka. Wa tano ni msichana anayemaliza kazi kabla mimi sijamaliza kuiandika ubaoni. Akimaliza anawafanyia wenzake, akimaliza kuwafanyia anaanza fujo. Huyu huwa haandikwi kwenye orodha ya wenye mahitaji. Mimi namwandika, tena ndiye anayenichosha kuliko wote.

Kabla ya Mbuyuni nilikuwa na steshenari nyingine, sitaitaja. Niliwapelekea jaribio la Hisabati la ukurasa mmoja nikaomba likuzwe kwa ajili ya yule binti. Kijana akaliweka kwenye mashine, akabonyeza A3, akanipa, akanyoosha mkono wa pesa. Dakika moja haikuisha. Jaribio lenyewe lilikuwa kopi ya kopi, na mnajua kopi ya kopi inavyokuwa: madoadoa meusi kama sukari guru iliyomwagika. Yalikua pamoja na maandishi. Kwenye swali la tatu doa likakaa juu ya alama ya kutoa, ikawa ya kujumlisha. Binti akajumlisha. Alijumlisha sawasawa kabisa, na mimi, usiku nikisahihisha kwa haraka, nikamkosesha. Siku ya pili alikuja na karatasi yake mezani kwangu, hakusema kitu, aliweka kidole juu ya ile alama tu. Nilimpa vema yake mbele ya darasa. Kijana wa steshenari nilipomwonyesha alisema mashine ndiyo iliyofanya.

Aliyenielekeza Mbuyuni ni mwalimu mwenzangu aliyesomea elimu maalumu Chuo cha Ualimu Patandi, pale Tengeru ukielekea Arusha. Aliniambia, "Nenda kwa yule mzee, atakuudhi, lakini nenda."

Aliniudhi kweli. Nilimpa jaribio lile lile nikasema nataka A3. Hakulipokea. Akauliza, "Mtoto anasoma kwa umbali gani?"

"Anakaa dawati la mbele."

"Sijauliza dawati, Mwalimu. Karatasi na macho. Umbali gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimemfundisha miezi mitano na sikujua. Nilirudi na karatasi yangu, na kesho yake nikampa binti kitabu, nikakaa pembeni yake na rula kama fundi cherehani. Sentimita 11. Pua yake karibu iguse ukurasa.

Nilipopeleka jibu hilo yule mzee akachukua karatasi tupu ya A3, akaisogeza usoni kwangu mpaka sentimita kama hizo, akaniambia nisome kutoka kona hadi kona. Karatasi ya A3 ina upana wa sentimita 42 ukiilaza. Kwa umbali ule shingo yangu ilikwenda na kurudi kama mtu anayefagia uwanja. Sasa fikiria dakika arobaini za namna hiyo, tena kwenye dawati la watoto watatu, ambapo A3 yako imemfunika jirani daftari lake na jirani anaisukuma kwa kiwiko.

Halafu akanifundisha hesabu, mimi mwalimu wa Hisabati. Ukitoa A4 kwenda A3 mashine inakuza kwa asilimia 141, si mara mbili kama wengi tunavyodhani. Kilichokuwa mara mbili ni eneo la karatasi. Urefu wa herufi unapata hiyo 1.41 tu. Kwa hiyo jaribio lililochapwa kwa saizi 12 likikuzwa hadi A3 linafika kama saizi 17, na maandishi makubwa kwa msomaji mwenye uoni hafifu huanzia saizi 18. Yaani nilikuwa nalipa Sh 400 kupata karatasi kubwa yenye maandishi ambayo bado ni madogo. Dawa yake: lichapwe upya kwenye A4 kwa saizi 20, herufi nene zisizo na mikia, nafasi pana kati ya mistari, maswali matano kwa ukurasa. Kurasa zikawa nne. Gharama ikapanda na mimi nikanuna. Lakini binti alimaliza jaribio kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, na karatasi yake ilikaa ndani ya theluthi yake ya dawati bila ugomvi wa viwiko.

Jambo moja niwaambie wenye watoto wa namna hii. Kwenye mitihani ya taifa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu na huwaongezea muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Mtoto wangu atakutana na hayo akifika upimaji wa darasa la nne, mwakani. Sitaki siku hiyo iwe ya kwanza kwake kushika karatasi inayosomeka. Vitabu vya kiada vya maandishi makubwa vipo na vya Kiswahili na Hisabati ninavyo, ila mazoezi ya kila Ijumaa, majaribio ya mwezi na kadi za mezani hakuna atakayenichapia isipokuwa Mbuyuni.

Sasa nije kwenye saa, kwa sababu kazi ya saa ndiyo iliyonifanya nikae kuandika.

Mada ya kusoma saa ni mtego hata kwa mtoto asiye na shida yoyote. Uso wa saa unasema 2, sisi tunasema saa nane. Nilikuwa na saa moja ya plastiki niliyoinunua Arusha kwa Sh 28,000, ya kisasa, mshale wa dakika ukizunguka mshale wa saa unaufuata wenyewe kwa gia. Nzuri kabisa kwa mwalimu mwenye watoto kumi. Kwa watoto 84 wale wa nyuma wanaona sahani ya bluu mkononi mwa madam.

Nilikwenda kwa Mangi nikamwambia nataka saa za manila 27, moja kila dawati. Akauliza, "Zote sawa?" Nikasema zote sawa. Akakaa kimya, akaendelea kupanga rimu zake. Ninakubali kwamba kimya hicho kilinifanya nikae kwenye kile kiti chake kibovu na kufikiria. Tukatoka na kitu kingine kabisa.

Saa 27 za kawaida zilikatwa kutoka manila tisa, kipenyo cha sentimita 20. Mhimili wa mishale ni kifungo cha shati kilichoshonwa kwa uzi wa viatu, ambacho ni wazo la binti wa dukani na ambalo limeshinda pini zote nilizowahi kununua, maana pini hulegea na huchoma. Mshale mfupi mwekundu, mrefu mweusi. Kisha zikaja za pekee.

Ya binti mwenye ualbino ni nyeusi juu ya manila ya rangi ya maziwa, namba nene, na vile vijistari sitini vya dakika vimeondolewa vikabaki kumi na viwili. Macho yanayochezacheza yakikutana na vijistari sitini vilivyobanana huona ukungu. Haikupigwa laminesheni. Kuhusu hili nilikuwa mbishi, maana kitu kisichopigwa laminesheni kwenye darasa langu kina maisha ya wiki mbili. Mzee akachukua kipande kilicholaminetiwa akakielekeza kwenye mlango. Mwanga wote wa barabara ya Mbuyuni ukanirudi machoni. Badala yake alizungushia selotepu kwenye ukingo tu. Mwezi wa tatu sasa, imechakaa, haijachanika.

Nyingine ilikuwa ya mtoto wa Kimaasai na ikaishia kuwa ya darasa zima. Katikati ya uso wa saa kuna ubua mmoja mwembamba wa karatasi ngumu unaopita kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiuelekeza kwenye namba ambayo mshale mfupi umesimama, ncha ya pili inakuangukia kwenye saa ya Kiswahili. Mshale kwenye 2, ncha ya pili 8, saa nane. Mshale kwenye 10, ncha ya pili 4, saa nne. Ni kweli kwa namba zote kumi na mbili, na mimi nimeishi miaka 43 bila kuiona. Mtoto yule hakuhitaji tena kukumbuka kujumlisha sita au kutoa sita kwa lugha ambayo bado anaitafuta. Alikuwa anageuza ubua na kusoma. Siku ya pili wenzake wote walitaka ubua. Nikarudi kukatiwa mabua mengine ishirini na saba, kutoka kwenye vipande vilivyobaki, bure.

Kwa mvulana wa sikio moja kazi haikuwa saa, ilikuwa kadi za maneno. Fikiria "saa nne na robo" na "saa nne kasorobo". Zimeachana nusu saa nzima, lakini mwalimu akiwa ameugeukia ubao, anachopata mtoto yule ni "saa nne mmm-robo". Nilikuwa nikimwona mzembe. Tulichapa kadi tatu kubwa, NA ROBO, NA NUSU, KASOROBO, kila moja na kipande cha saa kilichotiwa kivuli, nami nainua kadi ninaposema. Vilevile nimeacha kuongea na ubao, na nimemhamishia upande ambao sikio lake zima linanielekea na dirisha halipo nyuma yangu, kwa sababu mtu akisimama mbele ya dirisha uso wake unakuwa kivuli na midomo haionekani. Hayo mawili hayakunigharimu hata senti na hayamo kwenye risiti ya Mangi.

Yule wa herufi alipewa kitu nilichokidharau kwanza: kipande cha manila chenye tundu la mstatili, upana wa mstari mmoja. Unakilaza juu ya kitabu, unaona mstari mmoja, mingine yote imefunikwa. Unashusha. Tunakiita dirisha. Hakijamtibu b na d zake, ila ameacha kuruka mstari, na ameacha kujifanya anaumwa tumbo saa ya kusoma kwa sauti. Mzee alinikatia madirisha thelathini ya mabaki na leo yapo madawati ambayo watoto wasio na shida yoyote wanayagombania.

Na msichana wangu wa kasi alipewa saa isiyo na namba hata moja na kadi za mafumbo nyuma yake. Basi limetoka stendi ya Moshi saa moja na dakika ishirini, limefika Arusha saa tatu kasoro dakika tano, limetumia muda gani? Alipata. Kisha akanitungia yeye la kwake, la daladala iliyopata pancha Boma Ng'ombe, na nililazimika kuchukua kalamu.

Isionekane kila kitu kilikwenda sawa. Kosa kubwa nililifanya mimi, na duka lilinitii kwa sababu mteja ni mfalme. Nilitaka kadi za mazoezi za ngazi tatu: rahisi njano, za kati kijani, ngumu nyekundu. Zilipendeza mno. Nilizipanga mezani kama maua ya harusi. Siku ya kwanza shwari. Siku ya tatu mapumziko nikasikia mtoto akimwita mwenzake "we njano". Siku mbili tu zilitosha watoto wa miaka minane kung'amua nilichodhani nimekificha kitaalamu. Mtoto aliyeitwa njano alikataa kugusa kadi yoyote wiki ile, hata ya kijani. Sh 19,000 zangu, kutoka mfukoni kwangu, nikazifungia kabatini.

Nilipomsimulia Mangi alicheka, akasema angeniambia kama ningemuuliza. Sikumuuliza, ni kweli. Tukarudia: kadi zote nyeupe, na pembeni kuna alama ndogo, ndizi, kahawa au hindi, ambazo hazina mkubwa wala mdogo. Mtoto anachagua mwenyewe aanzie wapi na anaruhusiwa kubadilisha katikati. Nilidhani wote wataikimbilia ile nyepesi. Wapo waliofanya hivyo, siku mbili, wakachoka. Wengi huanzia pale ambapo hata mimi ningewaweka, na mara kwa mara mmoja ananishangaza. Mtoto wa Kimaasai, kwa mfano, kwenye namba tupu huchukua hindi, ambazo ni ngumu. Kwenye mafumbo ya maneno hurudi ndizi. Ile rangi moja ya mwanzo ingemfungia mahali pamoja kwa yote mawili.

Kwenye vikao vyetu vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, pale shuleni tuliwahi kujadili jambo hili kitaalamu, kwamba somo liandaliwe tangu mwanzo likiwa na njia zaidi ya moja ya kupokea, njia zaidi ya moja ya kujibu na njia zaidi ya moja ya kuvutiwa. Wazo hilo limeenezwa na CAST, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1984, nao walilichukua kwa wachora majengo. Mchora majengo Ronald Mace, Mmarekani aliyetumia kiti cha magurudumu baada ya kuugua polio, ndiye aliyesisitiza kwamba jengo lijengwe tangu mwanzo ili kila mtu aingie, badala ya kuja kubandikwa rampu mwishoni.

Ndiyo maana nazirudia zile ngazi tatu. Mwenzangu wa Patandi, aliyenielekeza hapa, anatembea kwa magongo. Ngazi za Mangi ni za mawe, hazilingani, hazina pa kushika, na masika huteleza kama kambale. Kwa hiyo mtu aliyelisifu duka hili kuliko wote huishia kusimama barabarani kati ya muuza parachichi na bodaboda, akiita, na binti hushuka na daftari kuchukua oda. Binti hushuka bila kununa, nampa sifa zake. Lakini mzee anayejua mtoto asome kwa sentimita ngapi anawezaje kukaa miaka yote hiyo juu ya ngazi zile? Nilimuuliza hivyo hivyo. Alisema nyumba si yake. Nikamwambia jibu hilo ni pacha wa "mashine ndiyo iliyofanya". Hakulipenda.

Malalamiko mengine ni madogo ila yapo. Mashine ya risiti ya EFD huwa "haina mtandao" kila ninapohitaji risiti ya shule, na mwalimu mkuu wangu hapokei kikaratasi cha mkono. Mara mbili nimelipa mwenyewe kazi ambayo ilipaswa kulipwa na fedha za shule. Lipa namba anayo na inafanya kazi, kwa hiyo mtandao unapenda kuingiza pesa tu. Umeme ukikatika hana jenereta, anakuambia uje kesho, na kesho yake wa jana na wa leo mko pamoja kwenye foleni. Wakati wa mitihani ya muhula usiende bila kuagiza siku tatu kabla. Uchapaji wa binti ni safi, ila huweza kukuletea "kasorobo" imeandikwa "kasoro bo", basi hakiki kabla ya kopi ya kwanza, na hakiki palepale dukani, kwa sababu ukishatoka ni kosa lako.

Na mzee anaongea. Ukienda kwa kazi ya dakika tano, andaa ishirini. Atauliza dawati lina watoto wangapi, dirisha liko upande gani, chaki mnatumia nyeupe au za rangi. (Nyeupe, na za njano kwa mambo muhimu. Aliniambia nyekundu na bluu kwenye ubao mweusi hazionekani na wenye uoni hafifu, nikaenda nyuma ya darasa kuangalia, nikagundua hata mimi sizioni.) Kama unataka huduma ya kubonyeza na kuondoka, mji huu umejaa, na wala si vibaya, kwa fomu za bima na barua za kuomba kazi mimi mwenyewe huenda huko.

Kwa kopi za kawaida nampa nyota tatu. Kwa kazi ya zana za darasa nampa nyota tano, moja naikata kwa ajili ya risiti na umeme. Za ngazi sijui nizikate kutoka wapi.

Siku nzuri ni Jumanne na Jumatano asubuhi, kabla ya saa nne, soko likiwa halijachangamka. Peleka rula na umbali umeshaupima, utaokoa safari moja. Mabaki ya manila huwekwa kwenye boksi la sabuni chini ya meza upande wa kushoto na ni ya bure kwa mwalimu yeyote anayeomba. Usione haya, inama uchague.

Ijumaa nilipopita kuchukua kadi za kugawanya, nilikuta mbao mbili ndefu zimeegeshwa ukutani kando ya zile ngazi. Nilimtazama Mangi, naye akajifanya anahesabu rimu. Binti ndiye aliyeniambia kwamba fundi amekuja kupima mwinuko mara mbili, na kwamba kinachosubiriwa ni misumari.